AC ya IST inavuja gesi, nibadilishe oringi zote au napigwa? (Kigoma)

mwanga_sokoni:
Wakuu habari za humu. Nina IST ya 2004 niko hapa Kigoma, AC ilikuwa inapuliza mpaka abiria wanaomba niipunguze, saivi inatoa upepo wa kawaida tu. Kila nikienda kwa fundi anajaza gesi, nalipa, naondoka, nikishazunguka Mwanga na Ujiji wiki chache joto limerudi palepale. Juzi fundi mwingine kafungua boneti kasema sili zimekufa nilete hela abadilishe oringi zote (zile raba za duara za kwenye maungio ya mabomba). Ni kweli au napigwa? Na oringi za duka la vifaa vya maji zinafaa? Maana spea za AC huku ni mtihani.

dagaa_mkavu:
Shusha vioo mkuu, upepo wa ziwa bure 😂

kilachi_kizito:
Niko Tabora nafanya hizi kazi. Mkuu gesi ya AC haiishi kama petroli, ule mfumo umefungwa, ikipungua haraka hivyo ujue kuna mahali inatoka, kwahiyo huyo wa kwanza anayejaza tu bila kutafuta anakula hela yako. Ila na huyu wa pili anayesema sili kabla hajapima usimpe hela kwanza. Gari ya umri huo raba kukauka ni kawaida lakini inaweza ikawa kondensa (ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya gari) imetobolewa na kokoto, au kulingi koili, ile inayopoza upepo ndani ya dashibodi, hapo utabadilisha oringi mpaka uchoke.

Anza na macho. Gesi inatembea na oili, inapotokea inaacha mafuta na vumbi linaganda hapo. Angalia maungio ya mabomba, angalia vali za kujazia gesi (watu wanazisahau sana hizi wakati kale kapini ka ndani ni bei ya soda), halafu angalia mbele ya kompresa (pampu inayosukuma gesi) kwenye kilachi, pale mkanda unapoizungusha. Kukiwa na mafuta yamerushwa pale basi ni sili ya shafti, hiyo siyo oringi ya kawaida, kilachi lazima ishuke na mara nyingi mtu anaona heri atafute kompresa nzima.

mzee_wa_urambo:
Mimi walijaza upepo wa gereji wakapaka povu la sabuni, ikaonekana fasta.

kilachi_kizito:
Mzee wangu shikamoo, ila upepo wa gereji una unyevu, tumia naitrojeni. Na kuna wengine wanaenda kuchukua oksijeni ya kuchomelea, JAMANI oksijeni ikikutana na oili kwa presha inalipuka, fundi akileta huo mtungi ondoa gari yako.

mwanga_sokoni:
Asante kiongozi. Na za dukani je?

kilachi_kizito:
Hapana. Gari yako inatumia gesi ya R134a, stika kwenye boneti itakuonyesha na kiasi chake. Inataka oringi za raba aina ya HNBR, nyingi ni za kijani ila usinunue rangi, uliza aina. Zile za bomba la maji hazikutengenezwa kwa gesi hiyo wala oili yake, zitakusumbua tena. Pakeni oili ya kompresa kidogo kabla ya kuvalisha, msiweke silikoni wala tepu ya fundi bomba, na ungio likishafunguliwa oringi ya zamani hairudi.

Wakishafungua mfumo badilisha na draya (kile kinachonyonya unyevu), halafu wavute vakyumu, yaani watoe hewa yote kwa pampu, nusu saa au zaidi, wafunge geji waache, mshale ukipanda bado kunavuja au kuna unyevu. Fundi asiye na pampu ya vakyumu huyo mpitie tu.

binti_malagarasi:
Zile dawa za kuziba za kopo vipi? Nimeona mtu anasifia

kilachi_kizito:
Zinaweza kuganda kwenye ekspansheni valvu, ile yenye kitundu chembamba cha kupitishia gesi, na mashine ya fundi mwingine pia zinaiharibu. Mimi gari yenye hiyo dawa siigusi.

mwanga_sokoni:
Nimeenda kuchungulia, mafuta yapo kwenye ungio la bomba linaloingia kondensa, kompresa mbele pakavu kabisa. Kwahiyo hiyo moja tu?

kilachi_kizito:
Kama bomba halina ufa basi umepona. Ila gesi ikishatolewa badilisha zote zinazofikika kwa mkono, ni umri mmoja hizo na gharama kubwa iko kwenye gesi na vakyumu siyo kwenye raba. Zile za nyuma ya dashibodi ziache kama hazivuji. Agiza seti Kariakoo ije na basi, uwatumie na picha ya stika ya kompresa.

dagaa_mkavu:
Na uvae miwani wakati wanafungua, hiyo gesi inachemka nyuzi 26 chini ya sifuri, ikikupata jichoni siyo utani tena.