Wakuu, kisima au tenki? Mama anachota maji korongoni saa tisa usiku

Kibuyu Kikavu (mwanzisha uzi)

Heshima kwenu wakuu. Mimi niko Dar kikazi, wazazi wako kijijini, wilaya ya Bahi, Dodoma. Mwezi huu nimekwenda nikakaa siku tisa, nimerudi sina amani.

Bomba la kijiji lipo ila pampu imekufa, tunaambiwa kifaa kinakuja. Kwa sasa maji ni ya korongoni, wanachimba kwenye mchanga. Mwanzo wa kiangazi ukizamisha mkono mpaka kiwiko umeyapata. Sasa hivi shimo linammeza mtu mzima. Mama anaamka saa tisa usiku awahi kabla ng'ombe hawajafika. Nilimsindikiza, nikasimama juu namulika na simu. Nilichokuwa nakiona ni kilemba tu. Anakwangua kwa kata, anasubiri yachuruzike, anakwangua tena. Dumu moja la lita 20 lilikula karibu nusu saa. Mama ana miaka 63.

Nina milioni 4 na nusu mkononi. Mchimbaji mmoja kanipa bei ya milioni 12 kwa mita 100, na hela yake iko palepale maji yapatikane yasipatikane. Nafikiria kukopa. Mzee anataka tuchimbe lambo kwa ajili ya ng'ombe wake watano na mbuzi. Aliyepitia haya anishauri.

Roho Safi

Natandika mkeka hapa. Sisi wa Manyoni kilio ni hichohicho.

Town Life

Wahamishie Dar mkuu, yaishe.

Kibuyu Kikavu

Mzee na ng'ombe watano, chumba na sebule, Mbagala? Tuendelee wakuu.

Fundi Zege

Mkuu usikope. Nimefanya vibarua vya visima Dodoma na Singida zaidi ya miaka kumi. Nimeona watu wakishuka mita 120 wakapandisha vumbi. Wengine wamepata maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, maziwa yanakatika kwenye chai. Mwamba wa huko ni mgumu, maji yamejificha kwenye nyufa. Ukihama hatua thelathini umeukosa ufa.

Halafu watu wanadhani kisima kinajazwa na mvua ya kila mwaka. Makutupora, kwenye visima vinavyolisha Dodoma mjini, kina cha maji kimekuwa kikipimwa tangu miaka ya 1950. Vipimo vinaonyesha maji ya chini yanapanda hasa miaka ya mvua kubwa, kama El Nino ya 1997/98, kisha yanashuka taratibu miaka kadhaa. Ukichimba baada ya mvua kubwa ukaishia pale ulipoyakuta, yakishuka umebaki na shimo kavu.

Kama kisima ni lazima, anza na upimaji na kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Kati, ofisi iko Singida. Anayekuambia "piga tu mkuu, kibali baadaye" mkimbie.

Mama Uwele

Mwanangu pole, na mama mpe pole. Mimi niko Kongwa. Kabla hujafukua ardhi, angalia juu. Nyumba ya wazazi ina bati?

Kibuyu Kikavu

Nyumba kubwa ina bati, jiko ni tembe. Gata hakuna, maji yanamwagika tu barazani.

Mama Uwele

Basi hapo ndipo pa kuanzia. Milimita moja ya mvua kwenye mita ya mraba moja ya bati ni lita moja. Pima nyumba inapokanyaga chini, usipime mteremko wa bati. Zidisha kwa mvua ya huko, Dodoma ni kama 550 kwa mwaka, toa sehemu ya tano inayopotea. Kisha fanya hesabu tena kwa milimita 300, maana miaka ya hivyo siku hizi haiombi hodi.

Tenki liwe na kiza, liwe na nyavu kila tundu, bomba la kutolea liwe kimo cha kiganja juu ya sakafu ili tope libaki. Mvua ya kwanza yote mwageni, ni mavi ya ndege na vumbi la miezi saba. Ya kunywa bado yachemshwe.

Na mzee msimwonee aibu, mwambieni ukweli. Ng'ombe mmoja wa kienyeji anataka lita 25 hadi 30 kwa siku. Watano wanamaliza kuliko nyumba nzima. Tenki la paa si lao, na funguo ya koki akae nayo mama.

Fundi Zege

Lambo nalo: jua la Dodoma linaweza kunyonya karibu mita mbili za maji kwa mwaka. Mkichimba la kina cha mita moja na nusu mnawawekea ng'ombe tope.

Mwingi Kaskazini

Hamjambo ndugu zangu, mimi naandika kutoka Kitui, Kenya. Hilo korongo msilidharau. Huku tumejenga mabwawa ya mchanga miaka mingi. Mnajenga ukuta juu ya mwamba, mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanakaa katikati ya chembe, jua haliyafikii. Robo ya mchanga ule, pengine zaidi, ni maji. Lakini hiyo ni kazi ya kikundi na mhandisi. Bila mwamba chini maji yanapita, na korongo lenye udongo wa mfinyanzi halifai.

Kwa pesa yako, jaribu kisima kifupi cha pete za zege kando ya korongo, kifunikwe, ng'ombe wawe na hori lao mbali. Ongeeni kwanza na serikali ya kijiji, korongo ni la wote. Na muwazuie wachimba mchanga. Lori likiingia pale limeondoka na maji yenu.

Kibuyu Kikavu

Wakuu nimempigia mdogo wangu kapima. Mita 9 kwa 7, yaani 63. Mwaka wa kawaida ni lita 27,720, mwaka mbaya 15,120. Nyumbani wako watano, kwa lita 20 kila mtu, Mei hadi Novemba wanahitaji 21,400. Nimeamua matenki mawili ya 10,000 na gata kabla ya Desemba, kitakachobaki kiende kwenye pete. Mzee kanuna, ila kasema atakaa kikao cha korongo.

Moja tu: kuna mwarobaini umeinamia paa, niukate?

Mama Uwele

Usithubutu. Kata tawi lililoingia juu ya bati, kivuli mwachie mama.