Hisabati yenye kikomo kwa sisi wa sayansi ya jamii na biashara: nianzie wapi?

Swali, kutoka kwa Mgeni wa Namba

Ndugu wanajukwaa,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa sosholojia, na muhula huu nimepangiwa somo la hisabati yenye kikomo pamoja na wenzangu wa biashara na uchumi. Hisabati niliiacha miaka minne iliyopita, nikaamini kwamba tumeagana moja kwa moja. Sasa nimekabidhiwa orodha ya mada ambazo kwangu hazionekani kuwa na undugu wowote: seti, mbinu za kuhesabu, uwezekano, matriksi, upangaji wa mstari, minyororo ya Markov na hesabu za riba.

Shida yangu ni hii. Nikisoma mfano uliokwisha kufanywa kitabuni, ninaelewa kila mstari. Lakini nikipewa swali la maneno nikiwa peke yangu, ninakwama hata kabla ya kuandika alama ya kwanza. Je, inanibidi kurudia aljebra yote? Je, kalkulasi inahitajika? Na mada hizi zisomwe kwa utaratibu gani ili zishikane? Ningeshukuru pia mtu akinieleza ni kwa nini mwanafunzi wa jamii asomeshwe mambo haya, maana tuliambiwa tu kwamba ni ya lazima.

Naomba kuwasilisha.

Jibu la kwanza, kutoka kwa Mwalimu wa Zamani

Ndugu Mgeni wa Namba, nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na hicho unachokieleza, yaani kuelewa mfano kisha kushindwa swali, ndicho kilio nilichokisikia kuliko vingine vyote.

Kalkulasi huihitaji. Somo linaitwa la kikomo kwa sababu vitu linavyoshughulika navyo huweza kuorodheshwa na kuhesabika, au angalau majawabu yake hupatikana kwa hatua zenye mwisho, bila kuzungumzia kiasi kinachoikaribia sifuri pasipo kuifikia. Katika miaka ya 1950 John Kemeny, Laurie Snell na Gerald Thompson, walipokuwa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, walitayarisha somo la namna hii wakiwalenga wanafunzi wa sayansi ya jamii na baiolojia. Maswali ya wanafunzi hao mara nyingi huhusu watu, kura, makundi na uchaguzi kati ya mambo kadhaa, na mtu hagawanyiki katika vipande visivyo na mwisho. Kuhusu aljebra, rudia mlinganyo wa mstari ulionyooka, milinganyo miwili yenye vigeu viwili, asilimia, sehemu na vipeo. Trigonometria iache ilipo.

Sasa nije kwenye kukwama kwako. Swali la maneno halikushindi kwa hesabu. Linakushinda kwa tafsiri, na tafsiri hujifunzwa kwa kuandika. Chukua swali hili la upangaji wa mstari. Karakana inatengeneza meza na viti. Meza moja huchukua saa 2 za useremala na saa 1 ya kupaka rangi. Kiti kimoja huchukua saa 1 ya useremala na saa 1 ya rangi. Kwa wiki zipo saa 100 za useremala na saa 70 za rangi. Faida ya meza moja ni vizio 7 na ya kiti kimoja ni vizio 5. Zitengenezwe meza ngapi na viti vingapi ili faida iwe kubwa kabisa?

Wanafunzi wengi huandika "x ni meza", na hapo ndipo safari inapopotea, kwa sababu meza si namba na haiwezi kuzidishwa kwa 7. Andika sentensi kamili: "x ni idadi ya meza zitakazotengenezwa kwa wiki, na y ni idadi ya viti." Kisha soma swali upya ukitafuta kitu kinachoweza kwisha. Saa za useremala zinaweza kwisha, kwa hiyo 2x + y isizidi 100. Saa za rangi nazo, kwa hiyo x + y isizidi 70. Wala hakuna atakayetengeneza viti pungufu ya sifuri, ingawa sharti hilo swali halilisemi na wewe ndiwe unayepaswa kulikumbuka. Kinachotakiwa kukuzwa ni 7x + 5y.

Ukichora mistari hiyo utapata eneo linaloruhusiwa lenye kona nne. Kwenye kona ya sifuri hakuna faida. Kwenye kona ya meza 50 pasipo viti faida ni 350, na kwenye kona ya viti 70 pasipo meza ni 350 vilevile. Kwenye kona ambako mistari miwili inakutana, yaani meza 30 na viti 40, faida ni 410. Usikubali kukariri kwamba jawabu liko kwenye kona. Lione kwa macho. Laza rula juu ya mchoro kwa mwinamo wa mstari wa faida, uisogeze polepole kuelekea kwenye faida kubwa bila kubadili mwinamo, na utaona kwamba mahali pa mwisho inapoligusa eneo ni kona, au pengine ukingo mzima, ambao nao una kona mbili.

Wengi hufungia daftari hapo, nami huona wamekula ganda wakaacha kiini. Jiulize: saa moja zaidi ya useremala ingekuwa na thamani gani? Badili 100 kuwa 101 na utatue tena: meza 31, viti 39, faida 412. Kwa hiyo saa hiyo ina thamani ya vizio 2. Fanya vivyo hivyo kwa rangi, 71 badala ya 70: meza 29, viti 42, faida 413, yaani vizio 3. Thamani hizi huitwa bei kivuli. Zidisha 100 kwa 2 na 70 kwa 3, ujumlishe. Utarudi kwenye 410 ileile. Meneja anayefikiria kuongeza saa za kazi anatafuta namba hizo mbili kuliko anavyotafuta idadi ya viti, mradi tu akumbuke kwamba hazidumu milele: ukiongeza saa za upande mmoja kupita kiasi, upande wa pili ndio utakaobana peke yake na bei zitabadilika.

Jibu la pili, kutoka kwa Mtafiti wa Nyanjani

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu tafsiri, ila kwa mwanafunzi wa sosholojia nisingeanzia kwenye karakana. Ningeanzia kwenye kuhesabu na uwezekano, kwa kuwa huko ndiko akili ya kawaida inakotudanganya zaidi, na pia kwa sababu minyororo ya Markov haieleweki bila uwezekano wenye masharti, yaani uwezekano wa jambo moja ukishajua kwamba jingine limetokea.

Chukua chombo cha uchunguzi, tuseme dodoso la kutambua watu wenye tatizo fulani. Tatizo lipo kwa asilimia 2 ya watu. Dodoso huwatambua asilimia 90 ya walio nalo, lakini pia huwataja kimakosa asilimia 5 ya wasio nalo. Mtu ametajwa, je, kuna uwezekano gani kwamba kweli ana tatizo hilo? Kanuni ya Bayes, iliyochapishwa mwaka 1763 baada ya kifo cha mwenyewe, inalijibu swali hili, lakini mwanzoni usiishike kama kanuni. Weka watu 1,000 mezani. Wenye tatizo ni 20, na kati yao 18 watatajwa. Wasio na tatizo ni 980, na kati yao 49 watatajwa kimakosa. Waliotajwa wote ni 67, na wenye tatizo kweli ni 18 tu, yaani kama asilimia 27. Nimeona ripoti zikichanganya "asilimia 90 ya wenye tatizo hutajwa" na "asilimia 90 ya wanaotajwa wana tatizo", jambo ambalo ni kosa la lugha kabla ya kuwa kosa la hesabu.

Ulipouliza kwa nini mtu wa jamii asome haya, jibu langu ni uhamaji, ambao ni mfano mzuri wa mnyororo wa Markov. Tuseme kila mwaka asilimia 10 ya wakazi wa vijijini huhamia mjini na asilimia 5 ya wakazi wa mjini huhamia vijijini, na jumla ya watu haibadiliki. Ukianza na asilimia 30 mjini, mwaka unaofuata mjini watakuwa asilimia 35.5, na mwaka wa tatu takriban 40.2. Wengi hukisia kwamba mji utawameza wote. La hasha. Hali hutulia pale wanaotoka wanapolingana na wanaoingia, na hilo hutokea mjini kukiwa na theluthi mbili ya watu, haidhuru ulianza na ngapi. Ile matriksi iliyokutisha si chochote zaidi ya jedwali la asilimia hizo nne: wanaobaki na wanaohama, kila upande. Hapo ndipo mada zako zinapoanza kuwa ndugu. Sharti moja lisisahaulike: mnyororo huu hudhani kwamba anakoelekea mtu hutegemea alipo sasa tu, si alikotoka. Kwa binadamu dhana hiyo ni ya kutiliwa shaka, na sosholojia yako ina haki kamili ya kuihoji. Markov mwenyewe aliitumia mwaka 1913 kwa kitu kisicholalamika, herufi 20,000 za shairi la Pushkin, mshairi wa Urusi, akichunguza jinsi irabu na konsonanti zinavyofuatana.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mhasibu

Nitaongeza machache, na kwa sehemu nitatofautiana na waliotangulia. Tafsiri ni muhimu, lakini mtu asiyejiamini kwenye asilimia na sehemu atachoka katikati ya kila swali, kwa hiyo wiki mbili za mazoezi ya hesabu za kawaida si kupoteza muda. Hesabu za riba zinafaa sana kwa mazoezi hayo: riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ikiongezwa juu ya mtaji kila mwezi, haileti asilimia 12 kwa mwaka bali takriban 12.68, na ukijua ni kwa nini, vipeo vitakuwa vimekuingia.

Kuhusu kompyuta, fanya kwa mkono maswali yenye vigeu viwili, kisha mengine iachie programu ya majedwali. Mwaka 1947 George Dantzig alipobuni mbinu ya simpleksi, ya kutatua maswali ya upangaji wa mstari yenye vigeu vingi, tatizo la lishe lenye vyakula 77 na masharti 9 lilitatuliwa kwa mashine za mezani na makarani kadhaa, kazi iliyohesabiwa kuwa ya siku 120 za mtu mmoja. Leo mashine hufanya hivyo mara moja, lakini haikuambii kama umesahau sharti.

Mgeni wa Namba anarudi

Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu wengine. Nimefuata ushauri wa kuandika sentensi kwanza, nikajaribu swali hili: kuna wanawake 6 na wanaume 4, ichaguliwe kamati ya watu 3 ambayo ndani yake yumo walau mwanamume mmoja. Niliandika: "Kwanza namchagua mwanamume mmoja, njia 4. Kisha nachagua wawili wowote kati ya 9 waliobaki, njia 36." Nikazidisha nikapata 144. Kitabu kinasema 100, na sentensi zangu sizioni kosa. Kosa liko wapi?

Mwalimu wa Zamani

Kwanza pima jawabu kabla ya kulisaka kosa. Kamati zote za watu 3 kutoka kwa watu 10, bila sharti lolote, ni 120. Kamati zenye sharti haziwezi kuzizidi zisizo na sharti, kwa hiyo 144 ilipaswa kukushtua papo hapo.

Kosa limejificha kwenye neno "kwanza". Kamati haina wa kwanza. Waite wanaume wawili P na Q, na mwanamke mmoja R. Ukimchagua P kwanza kisha Q na R, umepata kamati yao. Ukimchagua Q kwanza kisha P na R, umeipata kamati ileile ukaihesabu mara ya pili. Kamati zenye mwanamume mmoja tu ni 4 mara 15, yaani 60, na hizo umezihesabu sawasawa. Zenye wanaume wawili ni 6 mara 6, yaani 36, ila wewe umezihesabu mara mbili, zikawa 72. Zenye wanaume watatu ni 4, umezihesabu mara tatu, zikawa 12. Jumlisha 60, 72 na 12: ndiyo 144 yako. Jumlisha 60, 36 na 4: ndiyo 100 ya kitabu.

Ukikutana tena na maneno "walau mmoja", jaribu kwanza kuhesabu kinyume chake. Kamati zisizo na mwanamume hata mmoja ni 20, na 120 ukitoa 20 hubaki 100. Sasa lifanye mwenyewe la walau wanaume wawili, na kwa hilo njia ya kinyume haitakupunguzia kazi. Ukishalifanya, tuandikie ni kwa nini.