Ndugu yangu ameitwa Washington State: je, Pac-12 itakuwepo hadi amalize shahada?

DadaWaRongai

Hamjambo nyote. Nauliza kwa ajili ya ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, ana miaka 19. Mbio zake ni mita 5,000 na mbio za nyika. Kila alfajiri namsikia akifungua lango polepole asimwamshe mama, halafu anawahi matatu ya kwanza ya Ngong akakimbie na wenzake.

Amepata nafasi mbili za ufadhili Marekani. Moja ni chuo kikuu cha Washington State, kilicho kwenye ligi ya michezo ya vyuo iitwayo Pac-12, ya pili ni chuo kilicho kwenye ligi ya ACC. Mjomba anasema achukue ACC kwa sababu ni ligi kubwa. Mama moyo wake uko Washington State kwa sababu ya mkimbiaji wetu Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa hapo, Rono alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Mama alikuwa mtoto, na anakumbuka babu alivyoongeza sauti ya redio hadi majirani wakaja kusimama mlangoni.

Lakini ni mama huyohuyo aliyeuliza, "Hiyo ligi yao ni imara?" Marehemu baba alichezea timu ya soka iliyovunjika katikati ya msimu, akarudi nyumbani na viatu mkononi na deni la nauli. Kwa hiyo swali hilo mama haulizi kupitisha wakati.

Nikakaa usiku kusoma, na usingizi ukanipaa. Pac-12 chimbuko lake ni 1915. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, wakatangaza kwenda ligi nyingine, Big Ten. Mwaka uliofuata Colorado akaaga, kisha Agosti 2023 Oregon na Washington wakafuata Big Ten, Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Stanford na California wakaingia ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, ilhali wao wako pwani ya Pasifiki. Wakabaki wawili: Oregon State na hao Washington State wetu.

Nisaidieni. Kuna vyuo vingine vitakavyohama hivi karibuni? Na chuo kikihama, ufadhili wa kijana unakwenda wapi?

Kasarani_10000

Dadangu, pole kwa kukesha. Nilikimbia huko Marekani miaka minne, sasa nafundisha vijana hapa Kasarani, kwa hiyo hili nalijua kwa miguu yangu.

Kwanza, ufadhili unatolewa na chuo, si ligi. Chuo kikibadilisha ligi, karatasi ya ndugu yako haibadiliki kwa sababu hiyo.

Pili, vyuo vinahama kwa ajili ya futiboli ya Kimarekani na pesa za televisheni, na gharama wanaibeba wenzetu wa michezo mingine. Timu ya voliboli ikiwa Big Ten inaweza kutoka Los Angeles hadi New Jersey kucheza na Rutgers, na wiki inayofuata ikapanda ndege tena. Mkimbiaji hana ratiba ya nyumbani na ugenini. Mashindano ya ligi kwake ni mara tatu kwa mwaka: ya nyika, ya ukumbini na ya uwanja wa nje. Basi.

Tena, njia ya kufika fainali za kitaifa haipiti kwenye ligi. Kwenye nyika nchi imegawanywa kanda tisa. Uwanjani ni muda wako: wanachukuliwa 48 bora wa magharibi na 48 wa mashariki katika kila mbio, kisha 12 wa kila upande wanakwenda fainali. Akiwa Pullman, mji kilipo chuo cha Washington State, atashindana upande uleule wa magharibi, ligi iitwe Pac-12 au jina lolote.

Pac-12 yenyewe imejengwa upya. Kuanzia 1 Julai 2026 ina Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State, pamoja na Gonzaga isiyo na futiboli. Gonzaga iko Spokane, na kutoka Pullman ni karibu kuliko Nairobi hadi Nakuru. Tena Juni 2025 Washington State walifuta mitupo na miruko, wakapunguza mbio fupi, wakasema nguvu zao ziwe kwenye mbio ndefu. Niliwahurumia sana warushaji. Lakini kwa kijana wa 5,000, hiyo ni habari ya kuizingatia.

MkeshaSouthB

Mimi hukesha kila Jumamosi nikitazama futiboli yao, na ningependa mjomba asikie hili: ligi yenye minong'ono zaidi sasa ni hiyohiyo ACC. Florida State na Clemson waliishtaki ligi yao wenyewe, wakapatana Machi 2025. Katika mapatano, ada ya kutoka inashuka kila mwaka hadi dola milioni 75 msimu wa 2030-31. Mkataba wa televisheni wa Big Ten unaisha 2030. Kwangu mimi hapo ndipo mlango utafunguka tena, na hao wawili nawaona mbele ya foleni. Ndugu yako atakuwa tayari na shahada yake.

MamaWawiliUmoja

Mwanangu, acha ligi kidogo. Binti ya dada yangu alikuwa mkimbiaji wa chuo ambacho sitakitaja. Ligi haikuhama, lakini timu ilipunguzwa, akajulishwa kwa barua pepe ya mistari sita siku ya mtihani. Tangu makubaliano ya mahakama ya 2025, vyuo vilivyoyakubali vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na vina kikomo cha idadi: nyika 17, riadha 45. Uliza mapema yeye ni wa ngapi kati ya hao 17. Jibu lije kwa maandishi.

DadaWaRongai

Nawashukuru kutoka moyoni. Nimemsomea mama majibu yote jikoni. Ile ya 48 kwa 48 alinifanya nirudie mara mbili, kisha akamwita ndugu yangu asikie mwenyewe.

Mjomba bado anashikilia ACC, atakuja Jumapili tuzungumze. Swali la wale 17 nimeliandikia vyuo vyote viwili leo asubuhi, na nimeomba wanijibu kwa barua yenye sahihi. Kijana mwenyewe aliuliza jambo moja tu: Pullman ina vilima? Kasarani_10000, ulishawahi kufika?

Kasarani_10000

Nimefika. Ni vilima vya ngano, vinapanda na kushuka hadi macho yanapoishia. Mwambie asiache Ngong hata siku moja kabla ya kuondoka.