Trekta dogo linateleza shambani: nijaze maji kwenye matairi au nifunge pipa la zege?

Mkulima, Mbozi

Habari zenu, ndugu wakulima. Nina trekta dogo la nguvu farasi 30, lenye uzito wa takribani kilo 1,200, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mvua za kwanza za Novemba zikishalowesha udongo wetu mwekundu, matairi ya nyuma huzunguka palepale mara jembe la diski linaposhika ardhi, hasa tunapolima kuelekea mlimani. Msimu uliopita nilifunga viroba vya mchanga juu ya madigadi, vikaanguka kabla sijamaliza nusu ekari. Fundi mmoja ananishauri nijaze maji kwenye matairi, na mwingine anataka kunitengenezea pipa la lita 200 lililojaa zege. Naomba ushauri wa waliokwisha kujaribu.

Fundi, Mafinga

Ndugu yangu, pipa liache. Mita moja ya ujazo ya zege huwa na takribani kilo 2,400, kwa hiyo pipa hilo litakaribia kilo 480, mzigo ambao ni mkubwa mno kwa hidroliki na ekseli ya trekta la ukubwa huo. Tena ungelifunga wapi, ilhali mikono mitatu ya nyuma inabeba jembe? Zege la nyuma, tena dogo kuliko hilo, linamfaa mwenye ndoo ya kupakilia mbele.

Anza kwa kupima. Chora alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, lima mpaka lizunguke mara 10, kisha weka vijiti mwanzo na mwisho wa umbali huo. Rudia umbali uleule jembe likiwa juu na uhesabu tena. Ukipata mizunguko 8.5, utelezi ni asilimia 15, na hapo hakuna ubaya, kwa sababu shambani utelezi wa asilimia 8 hadi 15 unakubalika. Ukiongeza uzito mpaka tairi lisiteleze kabisa, nguvu yote inaishia kwenye giaboksi na ekseli, na udongo unashindiliwa bure.

Mkulima, Makete

Mimi nilijaza maji, na sijutii. Inua gurudumu kwa jeki, zungusha tairi mpaka valvu iwe juu kabisa, toa sindano ya valvu, kisha jaza maji hadi usawa wa valvu, huku ukiyasimamisha mara kwa mara ili hewa ipate kutoka. Hapo tairi limejaa kama robo tatu, na robo iliyobaki ni ya upepo. Kila lita ni kilo moja. Matairi yangu mawili yalichukua ndoo 10 za lita 20, yaani kilo 200, na uzito huo umekaa chini, hauliyumbishi trekta kwenye mteremko kama viroba vya juu. Huku kwetu sakitu huanguka Juni na Julai, lakini maji yangu hayajawahi kuganda. Wanaoongeza kalsiamu kloridi kuzuia kuganda wajue kuwa inakula rimu tyubu ikivuja.

Fundi, Mafinga

Naongeza jambo ambalo wengi hulisahau: upepo. Tairi lililojazwa kupita kiasi hugusa ardhi kwa sehemu ndogo. Upunguze hadi kiwango cha chini kinachoruhusiwa na mtengenezaji kwa uzito ulionao, na uuongeze tena kabla ya kuvuta tela barabarani.

Mkulima, Mbozi

Nashukuru sana. Nilipima, nikapata mizunguko 7, yaani utelezi wa asilimia 30. Nimejaza maji na kupunguza upepo, na leo nimepata 8.6. Ila nikiinua jembe kwenye mwinuko, usukani unakuwa mwepesi na magurudumu ya mbele yanataka kunyanyuka.

Mkulima, Makete

Hiyo ni ishara ya hatari, usiendelee kulima hivyo. Funga vyuma vya uzito kwenye bampa ya mbele, uongeze kimoja kimoja mpaka usukani ushike vizuri jembe likiwa juu. Usimkalishe kijana mbele awe uzito, kama ninavyoona wengine wakifanya. Na ukivuta gogo au tela, funga mnyororo kwenye ndoano ya chini tu, kwa maana ukifungwa juu ya usawa wa ekseli, trekta linaweza kupinduka kinyumenyume kabla dereva hajawahi kukanyaga klachi.