Tuzo ya Pulitzer: ni nani mwenye kauli ya mwisho?

Swali: Ndugu zangu, nimesoma kuhusu Pulitzer, tuzo ya Marekani ya uandishi wa habari, fasihi na muziki, kwamba mwaka 2012 ile ya riwaya haikutolewa kwa yeyote, ingawa vitabu vitatu vilikuwa vimependekezwa. Jambo hilo liliwezekanaje?

Jibu la kwanza: Mwenye kauli ni bodi ya tuzo, iliyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Jopo la waamuzi husoma kazi zilizowasilishwa na kupendekeza tatu, kisha bodi hupiga kura, na kazi isipopata kura za wengi, kundi hilo la tuzo hubaki bila mshindi. Binafsi naona waandishi wale watatu hawakutendewa haki.

Jibu la pili: Upande wa muziki, ambao ulianza kutuzwa mwaka 1943, mfumo huo uliwahi kuumiza zaidi. Mwaka 1965 jopo lilipendekeza Duke Ellington, mwanamuziki wa jazz, apewe heshima maalumu kwa kazi ya maisha yake, bodi ikakataa, na heshima hiyo ikaja mwaka 1999, miaka 25 baada ya kifo chake. Ndiyo maana nilifurahi sana Kendrick Lamar aliposhinda mwaka 2018, kwa kuwa hakuna mwanamuziki wa rap aliyewahi kuipata kabla yake.

Muulizaji: Nashukuru sana. Je, gazeti lenyewe linaweza kushinda?

Jibu la kwanza: Naam, ndugu. Katika kundi la huduma kwa umma, chombo cha habari hupewa medali ya dhahabu badala ya pesa.