Wametuuza tena bila kutuuliza: majukwaa ya muziki, na sisi tuliomo ndani yake

Wadau wa muziki wa kujitegemea,

Naandika nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Wiki iliyopita kampuni inayosambaza nyimbo zangu ilinitumia barua pepe yenye maneno matamu kunijulisha kwamba imenunuliwa na kampuni nyingine, kwamba vigezo na masharti vimebadilika, na kwamba nikiendelea kutumia huduma yao baada ya siku 30 nitahesabiwa kuwa nimeridhia. Kazi zangu za miaka 6, pamoja na orodha ya wasikilizaji niliowatafuta mmoja mmoja, zimepita mikononi mwa mtu nisiyemjua, kama wapangaji wanaouzwa pamoja na nyumba.

Asije mtu akaniambia kwamba nimekutwa na bahati mbaya tu. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, iliyoanza mwaka 2008 na kupendwa kwa sababu ilimwachia msanii sehemu kubwa ya mauzo, iliuzwa Machi 2022 kwa Epic Games, kampuni ya michezo ya kompyuta. Miaka 2 haijatimia, ikauzwa tena kwa Songtradr, kampuni ya leseni za muziki, na Oktoba 2023 takriban nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, ilhali walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha kujitetea. Wasanii ambao nyimbo zao ndizo zilizolijaza duka lile hawakuwa na kura hata moja katika mauzo yote mawili. Kabla ya hapo, CD Baby, kampuni ya kuuza na kusambaza muziki wa wasanii wa kujitegemea, iliyoanzishwa mwaka 1998 na mwanamuziki Derek Sivers, iliuzwa mwaka 2008 kwa dola milioni 22. Sina ugomvi na Sivers, maana fedha zile alizielekeza kwenye mfuko wa hisani wa elimu ya muziki. Ninachosema ni kwamba hata mtu mwema, akishika hati ya umiliki peke yake, huamua peke yake.

Spotify nayo, tangu mwaka 2024, haiuhesabii mirabaha wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Fedha hizo hazipotei. Zinakwenda kwa nyimbo nyingine. Nani kati yetu aliulizwa?

Ndiyo maana nausema ushirika, ingawa najua baadhi yenu mnalichoka neno hilo. Katika ushirika, mwanachama mmoja ana kura moja, awe amenunua hisa moja au mia, na anayetaka kuuza chombo lazima asimame mbele ya wanachama na kuwashawishi. Si ndoto. London Symphony Orchestra iliundwa mwaka 1904 na wapiga ala waliokataa amri ya kiongozi wao, Henry Wood, iliyowazuia kutuma watu wa kuwashikia nafasi zao mazoezini. Wakajitenga, wakaimiliki okestra yao wenyewe, na ipo hadi leo.

Najua jibu litakalokuja: mbona Ampled, ushirika wa wasanii, ulifungwa mwaka 2023? Mbona Resonate, jukwaa la ushirika la kusikiliza muziki mtandaoni, iliyoanza mwaka 2015 na mpango wake mzuri wa msikilizaji kulipia kidogo kidogo hadi kuumiliki wimbo anapoucheza mara ya 9, haikukua? Swali ni halali, na jibu lake linauma. Mwekezaji hutia mtaji ili apate mamlaka au faida ya kuuza, na ushirika haumpi hata kimoja. Kwa hiyo mtaji lazima utoke kwetu. Sisi je? Nimehudhuria kikao cha kuanzisha ushirika ambacho watu walipiga makofi mpaka mikono ikawaka moto, lakini yalipotajwa malipo ya hisa, ukumbi ukawa na watu wenye simu za dharura. Wanaolipia kila mwaka ada ya kampuni isiyowajua ndio hao hao walioona hisa ya mara moja ni mzigo. Hapo hasira yangu inawahusu wenzangu kuliko wale wanunuzi, ambao angalau hawajawahi kudai kwamba ni ndugu zetu.

Basi naomba waliowahi kuwa wanachama wa ushirika wa muziki waeleze hapa walilipa nini, walipigia kura nini, na ulivunjika au ulisimama kwa sababu gani. Katika zile siku 30 nilizopewa, zimebaki 22. Nimewaandikia mara 3 wamiliki wapya kuomba anwani za wanunuzi wangu, na mara zote 3 nimejibiwa na mashine.