Kilatini kilidumuje Romania?

Mwalimu wa Historia, Dodoma
Ndugu zangu, nawasalimu. Wanafunzi wangu wameniuliza inakuwaje Waromania wazungumze lugha itokanayo na Kilatini ilhali majirani zao wanazungumza Kihungari au lugha za Kislavi. Kaisari Trajan wa Roma alikamilisha kuiteka Dacia, nchi iliyokuwa katika eneo la Romania ya leo, mwaka 106, na Kaisari Aurelian akaondoa majeshi na watawala wake miaka ya 270. Je, miaka ipatayo 165 ilitosha kweli kuizika lugha ya wenyeji?

Mkazi wa Kongwa
Mwalimu, hesabu hiyo inahusu Dacia, kaskazini ya mto Danube. Kusini ya mto utawala wa Roma ulianza mapema zaidi na ukadumu karne kadhaa baada ya Dacia kuachwa, na Kilatini kiliendelea kuwa lugha ya jeshi, ya biashara na ya walowezi. Ndiyo maana wanaisimu wamegawanyika: wapo wanaoshikilia kwamba wasemaji hawakuondoka Dacia, na wapo wanaosema, kama alivyoandika mwanahistoria Robert Roesler mwaka 1871, kwamba lugha ilikulia kusini kisha ikavuka kwenda kaskazini. Mimi naona tusiufanye mto kuwa ukuta, kwa kuwa wafugaji walivuka huku na huko wakati wote. Lugha ya wenyeji nayo haikupotea yote: yapo maneno, kama mazăre, yaani njegere, ambayo yana ndugu zake katika Kialbania na hudhaniwa kuwa ni mabaki yake.

Msomaji wa Isimu, Chamwino
Naongeza kuhusu Waslavi, waliofika kuanzia karne ya 6. Waliacha alama nzito: da kwa maana ya ndiyo, prieten kwa maana ya rafiki, hata muundo wa kuhesabu, kwani kumi na moja husemwa unsprezece, yaani moja juu ya kumi. Hata hivyo vitenzi vingi vya msingi na viwakilishi vilibaki na asili ya Kilatini, kama vile Kiswahili kilivyopokea maneno mengi ya Kiarabu huku ngeli zake zikibaki za Kibantu, ndugu na zile za Kigogo.

Mwalimu wa Historia, Dodoma
Nashukuru sana. Maandishi ya kwanza ya Kiromania ni ya lini?

Msomaji wa Isimu, Chamwino
Ya kale zaidi yenye tarehe inayojulikana ni barua ya mwaka 1521, ambayo mfanyabiashara Neacșu wa Câmpulung alimwandikia Johannes Benkner, kiongozi wa mji wa Brașov, akimwonya kuhusu mienendo ya majeshi ya Waturuki. Uchelewaji huo unaeleweka, kwa sababu kanisa na ofisi za watawala zilitumia Kislavi, na barua yenyewe hufunguliwa na kufungwa kwa maneno ya Kislavi. Imeandikwa kwa herufi za Kisiriliki, za aina ile inayotumiwa na Warusi, ambazo Waromania waliziacha rasmi miaka ya 1860 walipochukua herufi za Kilatini.